Kwa Nini Kabichi ya Bukoba Haizai Mbegu?

Katika kata ya Hamugembe, mjini Bukoba, zipo nyumba ambazo nyuma yake pana kibanja cha migomba au bustani ndogo ya mboga. Chini ya migomba hupandwa maharage. Mahali penye jua hupandwa mchicha, mnavu, nyanya, kabichi na karoti. Msimu unapokwisha, mama mwenye bustani huchagua maharage yaliyo bora, huyatia katika chupa na kuyaweka kwa ajili ya mvua zijazo. Hukata pia masuke ya mchicha yaliyokomaa, akayapukuta na kuhifadhi mbegu zake. Lakini mbegu za kabichi na karoti haziweki, kwa maana hajapata kuziona shambani mwake. Kabichi hufunga kichwa. Kisipokatwa kwa wakati hupasuka au kuoza, na shina huchipua vichwa vingine vidogo bila kutoa ua hata moja. Hivyo kila msimu hana budi kurudi dukani kununua pakiti, ambayo mara nyingi mbegu zake zimetoka ng'ambo.

Wapo wanaodhani kwamba wafanya biashara wameihasi mbegu hiyo kwa makusudi ili mkulima asiweze kujitegemea. Wengine huilaumu ardhi. Dhana zote mbili si sahihi. Jibu limo katika maumbile ya mmea wenyewe na katika hali ya hewa ya mwambao wa Ziwa Viktoria. Kulielewa jibu hilo kuna faida kubwa, kwa kuwa ndilo linaloamua ni mbegu zipi ambazo familia yenye shamba dogo inaweza kuzizalisha na kuziuza, na ni zipi ambazo ikizijaribu itapoteza bure jasho lake.

Mimea ya mwaka mmoja na mimea ya miaka miwili

Mimea ya bustani hugawanyika katika makundi mawili makubwa kwa jinsi inavyomaliza maisha yake. Kundi la kwanza ni la mimea ya mwaka mmoja. Mbegu huota, mmea hukua, huchanua, huzaa mbegu na kufa katika msimu mmoja. Maharage, mahindi, mchicha, bamia na maboga yamo katika kundi hili. Mnavu na nyanya navyo hulimwa kwa namna hiyo hiyo.

Kundi la pili ni la mimea ya miaka miwili, ambayo asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Katika mwaka wa kwanza mmea hautoi maua. Hujikusanyia chakula na kukiweka akiba: kabichi katika majani yaliyofungamana, karoti na bitiruti katika mzizi, kitunguu katika tunguu lake. Kisha huja miezi ya baridi, na mmea husimama kukua. Baridi ikiisha, katika mwaka wa pili, mmea huitumia akiba ile kusimamisha shina refu lenye maua, na baada ya maua huja mbegu. Kwa hiyo kile ambacho mlaji hukiita kabichi ni ghala la chakula ambalo mmea umeliandaa kwa ajili ya uzazi wake. Mpishi hulifikia ghala hilo kabla ya mwenyewe kulifungua.

Hata ile mboga ambayo wananchi wengi wa Tanzania huiita spinachi ni ya kundi hili. Kwa kweli si spinachi halisi bali ni jamaa ya bitiruti, nayo katika mwambao wa ziwa hutoa majani kwa miezi mingi bila kuchanua.

Baridi ndiyo ishara

Yafaa kujiuliza mmea hupata faida gani kwa kuingojea baridi. Katika Ulaya ya kaskazini, mmea ukichanua mwishoni mwa kiangazi chao, jalidi itaua maua kabla mbegu hazijakomaa. Mmea unaosubiri mpaka baridi ipite huchanua wakati joto linaongezeka na wadudu wachavushaji wanaruka. Lakini siku moja ya baridi haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa yaweza kufuatwa na joto. Ndiyo sababu mimea hii huhitaji baridi ya wiki nyingi mfululizo. Kabichi kwa kawaida huhitaji kiasi cha wiki 6 hadi 10 katika joto lisilozidi nyuzi 10 za sentigredi, na karoti huhitaji muda unaokaribiana na huo. Hali hii ya mmea kuandaliwa na baridi ili uweze kuchanua huitwa venalizesheni.

Mwaka 1918 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Gustav Gassner, alieleza jinsi baadhi ya aina za nafaka zinavyoshindwa kuchanua vizuri zisipopitishwa katika baridi. Miaka kama kumi baadaye, katika Urusi ya Kisovieti, Trofim Lysenko aliifanya njia hiyo kuwa mashuhuri. Lakini alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba baridi hubadilisha urithi wa mmea, na kwamba watoto wa mmea uliopozwa hawatahitaji baridi tena. Dai hilo halikuwa kweli, na majaribio yalilikanusha. Hata hivyo liliungwa mkono na dola, na wanasayansi waliolipinga waliteswa. Nikolai Vavilov, aliyekuwa amekusanya mbegu za mimea ya chakula kutoka sehemu nyingi za dunia, alikamatwa mwaka 1940 akafia gerezani mwaka 1943.

Kisa hicho kinamhusu mkulima wa Hamugembe moja kwa moja. Kinaonyesha kwamba kila kizazi cha kabichi huhitaji baridi yake upya. Kabichi haitazoea hali ya Bukoba kwa sababu tu ya kupandwa huko miaka mingi. Mabadiliko ya kweli huja kwa njia ya kuchagua: yaani kutafuta, miongoni mwa mimea mingi, ile ambayo kwa tofauti ya urithi wake huchanua kwa baridi ndogo, na kuzaliana kutokana na hiyo. Kazi ya namna hii imefanywa katika nchi za joto kwa baadhi ya karoti na vitunguu.

Utafiti wa siku za karibuni umeeleza vizuri zaidi jinsi baridi inavyotenda kazi. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao ni jamaa ya kabichi, wanasayansi walieleza mwaka 1999 juu ya jeni iitwayo FLC. Jeni hii ni kama breki ya gari: ikiwa inafanya kazi, mmea hauchanui. Baridi ya wiki nyingi huifunga breki hiyo polepole, seli moja baada ya nyingine, na joto linaporudi hubakia imefungwa. Ndiyo maana mmea huonekana kana kwamba unakumbuka baridi iliyopita. Lakini mbegu mpya inapoumbwa, breki hufunguliwa tena, na mtoto huanza maisha bila kumbukumbu ya mzazi wake. Katika kabichi zimo jeni za jamii hiyo hiyo.

Jambo jingine la kuangaliwa ni umri. Ngano huweza kuipokea baridi ikiwa mbegu iliyoanza kuota tu. Kabichi haiwezi. Ni lazima kwanza ikue hadi shina lake lifikie unene wa kalamu ya risasi au zaidi. Kwa hiyo kuiweka pakiti ya mbegu za kabichi ndani ya friji huweza kurefusha uhai wa mbegu, lakini hakuifanyi kabichi ya baadaye ichanue.

Urefu wa mchana

Mbali na baridi, mimea mingi hupima pia urefu wa mchana na usiku. Jambo hili lilielezwa mwaka 1920 na watafiti wawili wa Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, waliokuwa wakichunguza aina ya tumbaku iliyokataa kuchanua wakati wa kiangazi chenye michana mirefu. Walipoifupishia mchana kwa kuifungia katika giza, ilichanua.

Katika Uholanzi, zitokako mbegu nyingi za bustani, mchana mrefu kabisa wa mwaka hukaribia saa 17, na ulio mfupi kabisa haufikii saa 8. Bukoba iko kilomita zipatazo 150 tu kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya mchana wake mrefu na mchana wake mfupi haifikii hata dakika 10. Mmea unaongojea mchana wa saa 14 utangoja milele.

Vitunguu vinatoa mfano mzuri. Tunguu huanza kutuna wakati urefu wa mchana unapofikia kiasi fulani, na kiasi hicho hutofautiana kwa aina. Aina za Ulaya ya kaskazini zikipandwa Bukoba hutoa majani tu bila tunguu la maana. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, hutuna vizuri katika mchana wa saa 12. Mtu anayenunua mbegu za vitunguu bila kuuliza aina yake huenda akalima majani msimu mzima.

Hali ya Bukoba yenyewe

Maji ya Ziwa Viktoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bukoba umekaa kando yake. Ziwa hili kubwa hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hivyo hulainisha hali ya hewa ya mwambao. Mchana joto huwa karibu nyuzi 26, na usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Mvua ni nyingi, kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Miinuko ya Muleba na Karagwe ina ubaridi kuliko mwambao, lakini hata huko hakuna wiki nyingi mfululizo za baridi iliyo chini ya nyuzi 10.

Hali hii yafaa sana kwa migomba, kahawa na maharage. Yafaa pia kwa majani ya kabichi, ambayo hukua bila kusumbuliwa na jalidi. Kisichopatikana ni ile ishara ya baridi. Kabichi ya Hamugembe haina ugonjwa wala hila ndani yake. Inaishi katika mwaka wa kwanza usio na mwisho.

Mahali penye baridi karibu na Ikweta

Hata hivyo baridi haitokani na umbali kutoka Ikweta pekee. Mtu akipanda mlima, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo yapo maeneo ya Afrika Mashariki yanayoweza kufanya kazi ambayo Ulaya huifanya.

Mfano mmoja ni Kinale, katika miinuko ya Kiambu nchini Kenya, eneo lenye baridi lililo juu ya mita 2,000. Sukuma wiki ni ndugu wa karibu wa kabichi. Kwa hakika vyote viwili ni aina za mmea mmoja, Brassica oleracea. Katika sehemu nyingi za joto sukuma wiki haichanui, nayo huendelezwa kwa kupanda machipukizi. Kinale huchanua. Wakulima wa huko huacha baadhi ya mistari shambani, hungoja maganda yakauke, huyapukuta, na kuwauzia wakulima wengine mbegu zake. Biashara hiyo ya familia ndogo ndogo ilivuma hata aina yenyewe ikachukua jina la mahali hapo. Ilikuwa pia na upungufu wake. Ugonjwa wa bakteria uozeshao majani ya jamii ya kabichi husafiri ndani ya mbegu, na mkulima asiyeng'oa mimea migonjwa kabla ya mavuno humuuzia jirani yake ugonjwa pamoja na mboga. Watafiti walifanya kazi pamoja na wakulima hao katika kuchagua mimea mizima na kuondoa ile yenye dalili.

Tanzania nayo ina miinuko yenye baridi, kama vile Makete na uwanda wa Kitulo, ambako jalidi huonekana katika miezi ya Juni na Julai.

Njia hii ya mbegu haiendi upande mmoja tu. Kwa miongo mingi mbegu za maharage mabichi, yale yaliwayo pamoja na maganda yake, zimekuwa zikizalishwa katika Mkoa wa Arusha kwa ajili ya makampuni ya Uholanzi. Zimo pia familia za wakulima wadogo wa mkoa huo ambazo huzalisha, kwa mikataba, mbegu za maua zipandwazo katika bustani za Ulaya. Sababu yake ni ya kisayansi. Mmea wa maharage hauhitaji baridi, bali mbegu zake huhitaji ukavu wakati wa kukomaa, ili ukungu na bakteria zisizichafue. Ulaya ya kaskazini ina unyevunyevu mwingi wakati huo, ilhali nyanda kavu za Arusha zina jua. Hivyo mzee wa nchi ya baridi apandaye maharage katika bustani yake huenda amepanda mbegu iliyokomaa chini ya Mlima Meru. Kila nchi huzalisha mbegu ambazo mbingu zake zinaziruhusu.

Familia ya Hamugembe iuze mbegu gani?

Kutokana na maelezo hayo, familia inayotaka kuuza mbegu huko Hamugembe yapasa kuanza na swali moja: ni mimea gani inayokamilisha maisha yake hapa? Kabichi, karoti, bitiruti na spinachi ya kawaida zaondolewa. Zinabakia mboga nyingi: mchicha, mnavu, mgagani, nyanya, nyanya chungu, bamia, maboga na maharage. Haradali ya Kihabeshi, iitwayo loshuu katika sehemu za Arusha, ni ya ukoo wa kabichi lakini huchanua na kuzaa bila baridi. Kwa yeyote apendaye majani yenye ladha ya jamii hiyo, hiyo yaweza kuwa badala nzuri.

Swali la pili ni la ukubwa wa shamba. Mbegu za maharage ni nzito, na mkulima hupanda kiasi cha kilo 80 kwa hekta moja. Hekta ikitoa kilo 800, kilo moja imezaa kilo kumi tu. Mwenye kibanja kidogo hawezi kuwahudumia wanunuzi wengi. Mbegu za mchicha ni kinyume cha hayo. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 1,000, na mmea mmoja ulioachwa ukomae vizuri huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Tuta moja tu huweza kuipatia mbegu kata nzima. Hapa haba na haba hujaza kibaba.

Swali la tatu ni la uchavushaji. Maua ya maharage na ya nyanya kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe kabla ya kufunguka vizuri, na hivyo mtoto hufanana na mzazi. Mchicha huchavushwa na upepo, na maboga huchavushwa na nyuki. Aina mbili za maboga ya jamii moja zikipandwa jirani huchanganyika, na mbegu zake hutoa mchanganyiko usiotabirika. Katika mji wenye bustani zilizokaribiana, familia moja haiwezi kuiamuru chavua ya jirani. Njia iliyo rahisi ni majirani kukubaliana kupanda aina moja, au kupishanisha majira ya kupanda ili maua yasifunguke kwa wakati mmoja.

Yapo pia mambo ya mbegu chotara. Pakiti iliyoandikwa F1 ina mbegu zilizopatikana kwa kuwazalisha pamoja wazazi wawili tofauti walio safi. Kizazi hicho cha kwanza hufanana chote, na mara nyingi kina nguvu. Lakini mkulima akiweka mbegu za nyanya chotara, kizazi cha pili hutawanyika kwa kanuni ambazo Gregor Mendel alizieleza mwaka 1866 kutokana na majaribio yake juu ya njegere. Baadhi yatafanana na babu, mengine na bibi, na mengine na wazazi. Mbegu hizo si mbovu, na huota. Ila muuzaji hawezi kumwahidi mnunuzi atavuna nini. Kwa hiyo biashara ya familia huanza na aina zisizo chotara. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilitolewa kwa wakulima wa Tanzania katika mwaka 1997, na mwaka 2011 ziliidhinishwa aina za mchicha ziitwazo Madiira 1 na Madiira 2, pamoja na aina za mnavu ziitwazo Nduruma na Olevolosi. Aina hizi huzaa mbegu zenye kufanana na mzazi, ikiwa mkulima atatunza usafi wake.

Kukausha ni nusu ya kazi

Katika mwambao wa ziwa adui mkubwa wa mbegu ni unyevunyevu. Mbegu ni kiumbe hai kinachopumua polepole. Ikiwa na maji mengi hupumua haraka, hutumia akiba yake, na ukungu huishambulia. Mtafiti wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni iliyo rahisi kukumbuka: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, uhai wake huongezeka mara mbili, na kila joto la ghala linapopungua kwa nyuzi 5 hivi, uhai huongezeka tena mara mbili. Kanuni hii hufanya kazi katika mbegu zenye unyevu wa kati ya asilimia 5 na 14.

Mbegu za nyanya hukamuliwa pamoja na ute wake, huachwa katika chombo kwa siku moja hadi tatu mpaka ute uchachuke, kisha huoshwa kwa maji safi. Ute huo una vitu vizuiavyo kuota, na ndiyo sababu mbegu haziotei ndani ya tunda. Mbegu zote hukaushwa kivulini penye upepo au katika jua la asubuhi, juu ya kitambaa au chekeche, wala si juu ya bati la moto, kwa kuwa joto la kupita nyuzi 40 huua kiinitete.

Ukavu wa mbegu zilizo kubwa kama maharage na mahindi huweza kupimwa bila mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia ndani yake chumvi kavu na mbegu, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana katika kuta za chupa, mbegu zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na bado hazifai kuwekwa. Baada ya hapo mbegu hutiwa katika chombo kisichopitisha hewa, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukakauka, ambao hunyonya unyevunyevu uliosalia. Maharage huchanganywa na majivu yaliyochekechwa ili kuwazuia fukusi.

Uaminifu na sheria

Mnunuzi wa nyanya huweza kuiminya na kuinusa. Mnunuzi wa mbegu hawezi kujua alichonunua mpaka miezi mitatu baadaye, wakati mvua zimekwisha pita na fedha zimekwisha tumika. Mbegu iliyozeeka na mbegu iliyo hai hufanana machoni. Kwa sababu hiyo serikali huiangalia biashara ya mbegu kuliko biashara ya mboga.

Katika Tanzania jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Mbegu Namba 18 ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ijulikanayo kwa ufupisho wa TOSCI. Kwa mkulima mdogo lipo daraja maalumu liitwalo mbegu za kuazimiwa ubora. Mpango wa namna hiyo uliandaliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo lilitoa mwongozo wake mwaka 1993. Mkulima hujiandikisha, huanza na mbegu iliyotoka katika daraja la juu ya aina iliyosajiliwa, shamba lake hukaguliwa, na mbegu zake huuzwa karibu na mahali zilipozalishwa. Jukumu la ubora humwangukia yeye mwenyewe, naye hufahamika kwa wanunuzi wake. Bibi akimpa jirani kiganja cha mbegu, huo ni ujirani. Familia ikifunga pakiti na kutaja bei, imeingia katika ahadi, na yapasa ifuate utaratibu.

Majaribio mawili kwa shule

Jaribio la kwanza ni la uotaji. Hesabu mbegu 100 bila kuzichagua, zipange juu ya kitambaa chenye maji, zikunje na kuziweka mahali penye joto la kawaida, na kila siku hakikisha kitambaa hakikauki. Baada ya siku 7 hadi 10 hesabu zilizoota vizuri. Idadi hiyo ndiyo asilimia ya uotaji. Wanafunzi walinganishe mbegu za pakiti ya dukani, mbegu zilizowekwa nyumbani katika chupa iliyofungwa, na mbegu zilizoachwa wazi jikoni.

Jaribio la pili lafaa kwa shule yenye friji. Tafuta karoti 20 nzima ambazo sehemu ya juu, itokayo majani, haikukatwa. Zifunike 10 katika mchanga wenye unyevu kidogo na kuziweka ndani ya friji, katika nyuzi 4 au 5, kwa muda wa wiki 8 hadi 10. Zile 10 nyingine zipandwe mara moja katika bustani ya shule. Zikiwa tayari, karoti za friji zipandwe kando ya wenzake, ikiwezekana katika miezi ya Juni na Julai, kwa kuwa joto kali lijalo mara tu baada ya baridi huweza kufuta kazi ya baridi. Wanafunzi waandike kila wiki urefu wa shina na tarehe ya ua la kwanza, wakikumbuka kwamba matokeo yasiyotarajiwa nayo ni matokeo, na kwamba urefu wa mchana nao una sehemu yake.

Darasa litakaloona karoti ya friji ikisimamisha shina lenye maua meupe, huku ile isiyopozwa ikitoa majani tu, litakuwa limejibu kwa macho swali la mama wa Hamugembe. Litamwambia pia jambo la manufaa: kwamba fedha yake ya kununua mbegu za kabichi hulipia baridi ambayo ziwa halina, lakini mbegu za mchicha, mnavu na nyanya hazimdai baridi yoyote. Hizo zamdai usafi, ukavu na ukweli, na hayo matatu yanapatikana Bukoba.